Mutoto mwenye hatembei ana haki ya kuandikwa kwa masomo

Kila mwaka, siku chache mbele ya mwezi wa 9, wazazi wa Kasongo, Kabambare, Salamabila na vijiji vya pembeni wanashika watoto wa miaka sita mukono kwenda kuwaandikisha kwa darasa la kwanza. Ndani ya mustari, mara kwa mara, kunakuwa mama mwenye kubeba wake kwa mugongo. Mutoto anaongea vizuri, anahesabu, anajua kuchokoza wenzake. Ni miguu tu yenye haimutii. Direkta anamutazama, anatazama ngazi za darasa, kisha anasema kwa upole: «Mama, huyu tutamuweka wapi? Ungojee akomae kidogo.» Mama anarudi nyumbani. Hakuna mutu aliyemutukana, hakuna aliyemufukuza. Lakini masomo ya ule mutoto yamekwisha mbele ya kuanza.

Lile neno «akomae kidogo» ndilo ninataka tuongee juu yake leo, wandugu wachimbaji na jamaa zenu. Ni neno la huruma, lakini linadanganya. Mutoto mwenye hatembei, akikaa miaka mitatu nyumbani, miguu yake haitapona kwa sababu ya kungojea. Kitu chenye kitaongezeka ni uzito wake. Kwa miaka sita yuko na kilo 20 hivi, na mama anaweza kumubeba kwenda na kurudi. Kwa miaka kumi na moja amepita kilo 30, na mama yule yule sasa iko na muzigo wa maji, muzigo wa kuni, pengine na mimba. Wewe mwenye kupandisha mifuko toka shimoni, unajua kilo 30 ni nini. Kwa hiyo wakati wa kutengeneza shule kwa ajili yake ni sasa, angali mwepesi.

Tena, mara nyingi si mama anabeba. Baba yuko Namoya ao kwenye shimo la mbali, anarudi kisha miezi. Mama iko kwa shamba ao anatwanga mawe. Mwenye kubeba ni kaka ao dada wa miaka kumi na miwili. Anapeleka mudogo wake, anachelewa kwa darasa lake mwenyewe, anaazibiwa ju ya kuchelewa, mwisho anaacha. Pale ngazi tatu za saruji zimeondoa watoto wawili kwa masomo.

Na tusiseme eti watoto hawa ni wachache sana. Mwaka wa 2017 polio ilionekana tena ndani ya Maniema, katika zone ya afya ya Kunda, na Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) likatangaza jambo lile. Kuko wenye kupooza muguu kisha sindano ya kinini yenye kupigwa vibaya kwa tako. Kuko wenye kuzaliwa na nyayo zenye kupinda, na wenye kuzaliwa kwa shida wakakosa pumzi. Kuko wenye kuungua kwa jiko wakabaki na magoti yenye kukunjana, na wenye kupigwa risasi katika vita vya miaka hii. Unaweza kupita mbele ya nyumba ya mutoto wa namna hii mwaka muzima bila kumuona, maana anakaa nyuma, karibu na jiko.

Kwenye machimbo kuko maneno mabaya zaidi: eti mutoto ni mulozi, eti baba alimutoa ju ya kupata zahabu. Polio inaletwa na virusi, na sindano ya vibaya inaletwa na mukono wa mutu. Sheria ya tarehe 10/01/2009 juu ya kulinda mutoto inaazibu mutu mwenye kushitaki mutoto uchawi. Mwenye kueneza yale maneno kwa soko ajue hivyo.

Nini tunaomba kwa shule

Watu wengi wakisikia «masomo ya vilema» wanawaza jengo kubwa kama santre Heri Kwetu ya Bukavu, pahali watoto wenye ulemavu wanatunzwa na kufundishwa. Kazi ya santre kama ile ni nzuri. Lakini Bukavu ni mbali, na mutoto wa miaka sita ana haja ya kulala kwao, na kusoma pamoja na watoto wa mutaa wake, wenye watakuwa jirani zake maisha yote. Mutoto mwenye akili timamu na miguu mizaifu hana haja ya kitabu kingine wala ya mwalimu mwingine. Ana haja ya mambo haya saba.

La kwanza, darasa lenye kuwa chini, bila ngazi. Kama darasa la kwanza liko juu, wabadilishane na darasa ingine. Hiyo haiombi hata franga moja.

La pili, pahali ngazi haziwezi kuepukwa, njia ya mutelemuko. Kipimo ni hiki: kwa kimo cha sentimetre 10, urefu wa metre 1 na sentimetre 20. Ikiwa mulango uko juu kwa sentimetre 45, njia inapashwa kuwa na metre 5 na nusu hivi. Yenye kuwa fupi kuliko hapo ni ya kuteleza, na mutoto mwenye magongo ataanguka siku ya mvua.

La tatu, choo. Mulango mupana, kiti cha mbao chenye tundu katikati, na miti ya kushikilia kwa pande mbili. Wazazi wengi wanasahau neno hili, lakini mutoto mwenye hawezi kuchuchumaa anakaa na kiu toka asubui ju ya kuogopa choo. Musichana akikomaa, atakimbia masomo ju ya choo mbele ya kukimbia ju ya hesabu.

La ine, banki karibu na mulango, yenye kimo cha kumufaa, na kipande cha mbao chini kwa kukanyaga. Miguu yenye kuning'inia inachosha mugongo, na mutoto mwenye mugongo unauma hasikilizi mwalimu.

La tano, saa. Asipigwe wala asirudishwe nyumbani ju ya kuchelewa. Kama mikono yake ni mizaifu vilevile, apewe wakati zaidi wa kuandika, ao ajibu kwa mudomo.

La sita, wenzake. Mwalimu aweke zamu: leo wawili hawa wanabeba mufuko wake na kumuletea maji, kesho wawili wengine. Wakati wa mapumziko atoke inje na wengine, asibaki kulinda darasa kama mulinzi. Na kwa somo la mazoezi ya mwili, asipewe sufuri ju ya miguu yake.

La saba, mutihani wa mwisho wa primere. Mara nyingi watoto wanaufanyia kwa shule ingine yenye kuchaguliwa kuwa santre. Direkta aandike mapema kwa sous-proved, kusudi mutoto apate chumba cha chini. Itakuwa uchungu sana kumubeba miaka sita, kisha kumuacha kwa ngazi ya siku ya mwisho.

Hesabu vizuri: kati ya mambo saba, ni la pili na la tatu tu yenye kuomba vifaa vya kujenga. Lingine ni kipande cha mbao, na yenye kubaki ni mapenzi ya watu.

Sheria inasema nini

Mutu asifikiri tunaomba sadaka. Katiba ya tarehe 18/02/2006, kwa kipengele cha 43, inasema masomo ya primere katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure. Kipengele cha 49 kinapatia mutu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna yenye kufaa hali yake. Katika 2015 inchi yetu iliingia ndani ya Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Mapatano yale yanasema kwamba kukataa kutengeneza jambo lenye kuwezekana kwa ajili ya mutu mwenye ulemavu ni kumubagua. Kisha, tarehe 03/05/2022, tulipata sheria yetu wenyewe: sheria organike n° 22/003, ya kulinda na kukuza haki za watu wenye kuishi na ulemavu. Ndani ya maandiko haya yote hakuna pahali panasema kama masomo ni ya mutoto mwenye kutembea.

Shule za konvansione, zikiwa za Wakatoliki, za Waprotestanti ao za Waislamu, ni shule za Serikali zenye kuongozwa na dini. Sheria hizi zinazihusu sawa na zingine. Na dini zenyewe zinajua neno hili. Muislamu wa Kasongo anajua kisa cha kipofu mwenye alikuja kuuliza, na namna Sura ya 80 inakemea kumugeuzia mutu kama huyo uso. Mukristo anajua wale watu wane wa Injili ya Marko, wenye walitoboa paa na kumushusha mwenzao aliyepooza. Hawakumuambia ajifunze kutembea kwanza ndiyo aingie. Walibadilisha nyumba.

Feza iko wapi

Kwa neno hili muchimbaji ana nguvu ya kusema kuliko mwalimu. Sheria ya machimbo, ilivyobadilishwa tarehe 09/03/2018, inagawanya redevance yenye makampuni yanalipa: 50 % kwa serikali ya Kinshasa, 25 % kwa jimbo, 15 % kwa sekta ao sheferi ya pahali mali inatoka, 10 % kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Juu ya ile, kampuni inapashwa kutoa kwa uchache 0,3 % ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya jamii yenye kuguswa na machimbo. Na ahadi zake kwa wanainchi zinapashwa kuandikwa ndani ya cahier des charges.

Tuchukue mufano, kwa hesabu tu. Kampuni imeuza zahabu ya dola milioni 10. Ile 0,3 % ni dola 30 000. Redevance ya zahabu ni 3,5 %, maana yake dola 350 000; fungu la sekta, 15 %, ni dola 52 500. Ukijumulisha ni dola 82 500. Sasa muulize fundi wa mutaa wenu bei ya mifuko kumi ya saruji, kisha mupime wenyewe.

Wandugu wa Kabambare, nyinyi munaishi karibu na Namoya. Siku munaitwa kuongea juu ya cahier des charges, munauliza madarasa mangapi, paa ya bati, banki ngapi. Ni vizuri. Muongeze swali moja: mutoto mwenye hatembei ataingilia wapi, na ataenda choo gani? Kuweka njia ya mutelemuko wakati wa kujenga ni kazi ndogo. Kuvunja ngazi kisha miaka mitano ni kazi mara mbili. Shule mupya yenye ngazi tano na picha ya ufunguzi ukutani bado inafukuza watoto.

Wa Kasongo wenye hawana kampuni karibu wasikate tamaa. Kuko fungu la jimbo kule Kindu, na wabunge wa jimbo tuliwachagua ju waulizwe. Kuko vilevile feza kidogo ya kuendesha shule, yenye mupango wake unapitia kwa COGES. Wazazi wako na watu wao ndani ya COGES. Wasiende pale kupiga tu sahihi.

Na kuko mikono yetu. Muchimbaji anajua kusimamisha miti shimoni kusudi udongo usianguke. Anajua kutengeneza ngazi ya kushukia na kuchonga njia ya kupitisha mifuko kwa mulima. Mutu huyo atashindwa na njia ya metre tano? Ni kazi ya salongo ya siku mbili: mawe chini, udongo wa changarawe juu, kushindilia, miti ya kuzuia pembeni. Mvua ikiila, munaitengeneza tena kila mwaka, kama munavyotengeneza paa. Na muchimbaji asisahau kitu kimoja: shimo likianguka leo, kesho mwenye kutembea na magongo ni yeye. Siku ya mukutano wa wazazi, njia ile ni yake vilevile.

Yale wanatujibu

Direkta atasema: tuko na watoto wengi kupita banki, walimu wengine hawajaingia kwa mushahara wa Serikali, paa inavuja. Ni kweli. Tangu masomo ya bure yalianza mwezi wa 9/2019, madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye kusimama mbele ya umati ule anastahili heshima. Tusiende kwake na makelele. Lakini kati ya mambo saba tuliyohesabia, hakuna hata moja lenye kumuomba kufundisha mara mbili. Kubadilisha chumba hakumuchoshi. Kuacha kupiga mutoto mwenye kuchelewa hakumuchoshi. Mutoto mwenye kukaa vizuri kwa banki yake anamuchosha kidogo kuliko mwenye kuanguka kila saa.

Jibu lingine linatoka ndani ya nyumba, kwa baba, na ni gumu zaidi: «Feza ni kidogo. Nitalipia daftari ya mwenye atanifaa kesho. Huyu atafanya kazi gani?» Baba, geuza hesabu yako. Kijana mwenye miguu mizima akikosa masomo, yuko na shamba, yuko na shimo, yuko na kupakia mizigo. Mutoto mwenye hatembei, akikosa masomo, hana kitu. Yeye ndiye wa kwanza mwenye kuhitaji kalamu, maana ni chombo cha kazi chenye mikono yake inaweza kushika. Kupima zahabu na kuandika daftari la negosian, kushona, kutengeneza simu, kufundisha, kuandika barua na mahesabu ya kooperative: hizi zote ni kazi za kukaa, na zote zinaomba kujua kusoma na kuhesabu. Ukichagua mumoja tu wa kumusomesha, sababu ya kumuacha huyu ni zaifu kuliko sababu ya kumuacha yeyote mwingine. Na masomo ya primere ni ya bure ju usilazimishwe kuchagua.

Fanyeni hivi

Musingojee siku ya kengele. Wiki tatu ao ine mbele ya masomo kuanza, baba ao mama aende na mutoto mwenyewe kwa direkta, amuache aongee na kuhesabu mbele yake, kisha watembee pamoja ndani ya shule: darasa, choo, kiwanja. Mambo mengi yanaisha pale pale, kati ya watu wawili.

Kama hayaishi, muandike barua. Kopi moja kwa direkta, moja kwa komite ya wazazi, moja kwa kordinasione ya dini ikiwa shule ni ya konvansione, moja kwa sous-proved, moja kwa biro ya Mambo ya Jamii. Mubaki na kopi yenye muhuri na tarehe ya siku walipoipokea. Neno la mudomo linasahauliwa. Kopi yenye muhuri inaomba jibu. Direkta akikataa, mumuombe aandike sababu. Wengi wakiambiwa waandike, wanaona kama sababu haiko.

Mwenye hajui kuandika aombe kijana wa mutaa. Barua haina haja ya Kifaransa kirefu. Maneno haya yanatosha:

«Bwana Direkta, mimi ni muzazi wa mutoto (jina), mwenye miaka sita. Ninaomba aandikwe kwa darasa la kwanza la shule yenu. Anaongea, anasikia, anaelewa, hatembei. Ana haja ya darasa la chini, banki karibu na mulango, choo chenye kiti na miti ya kushikilia, na kuvumiliwa akichelewa. Katiba, kwa vipengele 43 na 49, na sheria n° 22/003 ya tarehe 03/05/2022 zinamulinda. Jamaa yetu iko tayari kuleta mawe, miti na watu wane kwa siku mbili za salongo. Tunangojea jibu lenu mbele ya masomo kuanza.»

Mukate kipande hiki cha gazeti, mukitume kwa baba mwenye yuko kwa machimbo. Hata kama yuko mbali, jina lake linaweza kuwa chini ya barua, na anaweza kuita wenzake wane wa kuja kwa salongo.